Karani wa Umeme

Mimi ndiye niliyemwigizia Jaya baba yake akipigwa, nikidhani namchekesha.

Sikujua. Ilikuwa Jumanne, mwaka 2002, katika duka la kanda za video la Vijay pale Harrow, London. Mvua nje, wateja hakuna. Jaya alikuwa na wiki mbili kazini na alikuwa hajacheka hata mara moja. Mimi, Msabaha wa Mombasa, mtu niliyefukuzwa darasani kidato kizima kwa kuchekesha wenzangu, niliona hiyo ni dharau kwa fani yangu. Nikamtolea kipande changu bora kabisa: Karani wa Umeme.

Kipande chenyewe nilikirithi kwa tajiri wetu. Vijay alizaliwa Mombasa, akapelekwa kwa bibi yake Gujarati akiwa mdogo, akakulia huko. Kila Jumapili asubuhi aliwakusanya jamaa zake nyumbani kwake watazame tena vipindi vya televisheni vya ujana wao kule India. Waliipenda zaidi ya vyote tamthilia ya mfalme aliyenyang'anywa kiti na shemeji yake. Nilikuwa sielewi maneno yote, lakini mishale niliielewa. Mshale mmoja unatoka huku, mwingine kule, inasimama hewani inatazamana kama wake wenza sokoni, ndipo inagongana na kutoa cheche za rangi ya pipi. Kanda alizirekodi mjomba wa mtu, na matangazo yote yamo. Nimeona kwa macho yangu wanaume wazima wenye vitambi wakifutana machozi kwa sababu ya tangazo la sabuni ya unga.

Kabla ya kuanza, TV huvishwa shada la maua na kufukiziwa udi, na watu huvua viatu. Ndivyo walivyofanya kule, wakati mtaa mzima ulikuwa na TV moja na watu sitini walijibana chumbani.

Na kila Jumapili lazima Vijay asimulie siku ya vita kuu. Mfalme kainua upanga, paap, umeme umekatika. Mtaa ukatoka na magongo mpaka kwenye kituo kidogo cha umeme. Ndani mlikuwa na karani mmoja tu. Hapo ndipo ninapoingia mimi. Napiga magoti, natetemesha mashavu, nalia, "Jamani, si mimi, waya mkubwa umeanguka huko njiani!" Vijay ananitandika vidole kwa gazeti lililokunjwa, kimoja kimoja, na mimi natoa mlio tofauti kwa kila kidole. Kidole cha nne nabweka kama mbwa. Watu hushika mbavu.

Basi Jumanne ile nikapiga magoti mbele ya kaunta, nikafika mpaka kubweka.

Jaya alikuwa ameshika kanda mkononi. Akaiweka chini.

"Mji gani huo?" akauliza.

Nikamtajia.

"Mwaka?"

"Themanini na nane, kama sikosei. Vipi, hujacheka bado? Nirudie cha nne?"

"Yule ni baba yangu," akasema.

Nikangoja aseme anatania. Nikabaki nimepiga magoti kwenye zulia, kijinga kabisa, wala sikujua niinuke vipi.

Jaya alikuwa na miaka minane siku ile. Baba yake aliletwa nyumbani juu ya mkokoteni wa mboga, vidole vinne vya mkono wa kulia vimepondwa kwa fimbo ya hoki juu ya meza yake mwenyewe ya kazi. Wakahamia Mombasa kwa mjomba wake, ndiyo maana Kiswahili chake kilinishinda hata mimi. Tangu siku ile ni yeye aliyekuwa akimfunga baba yake vifungo vya shati kila asubuhi mpaka alipokuja London. Polisi wa India waliandika "watu wasiojulikana", wakafunga jalada.

"Nataka jina moja tu," akasema. "Aliyeshika fimbo. Nipeleke Jumapili."

"Ukilipata utafanya nini?"

"Hilo si lako. Wewe kazi yako kuchekesha."

Jamani. Nimeshapigwa makofi na watu wanaojua kupiga, lakini lile lilifika mfupani.

Jumapili nikampeleka. Niliapa moyoni kwamba hadithi ile haitasimuliwa. Nilitaka Jaya alipate jina, ndiyo, lakini nimuulizie mimi polepole, pembeni, bila damu. Vijay alikuwa mtu wa hasira. Niliwahi kumwona akimkaba mteja kwa sababu ya kanda aliyoileta bila kuirudisha mwanzo.

Watu walikuwa kumi na moja, mapazia yamefungwa kama sinema. Vijay alikaa mbele, miaka thelathini na minne, kifua nje. Kwenye kona, karibu na mlango wa jikoni, alikaa binamu yake mkubwa, Rasik. Huyu alikuwa fundi saa, mtu wa miaka hamsini, mpole hadi anachosha, na kila hadithi ya karani ilipoanza alikusanya vikombe akaenda kuviosha. Mimi nilidhani anapenda usafi.

"Huyu ndiye Jaya wa dukani," Vijay akawaambia. "Kakulia Mombasa, nilikozaliwa mimi, bana. Kaa, Jayaben, dada yetu, kaa. Leo ni vita kuu!"

Leo ni vita kuu. Kipande kile kile kilichokatizwa siku ya karani.

Nikaanza kazi. Kila Vijay alipofungua mdomo, mimi nimeshaingia. Alipokohoa nikasema, "Vijaybhai, lile tangazo la mafuta ya nywele linakuja, tuimbie!" Akaimba. Alipogeuka nikauliza kwa nini tembo wa mfalme ana magurudumu. Wakacheka, wakabishana robo saa nzima kuhusu tembo. Nikajiona shujaa. Mfalme akapanda farasi, majeshi yakajipanga, ngoma zikalia, upanga ukapanda juu.

Paap. Giza.

Chumba kizima kikapasuka kwa vicheko, maana ingetokea vipi tena, kipande kile kile, dakika ile ile? Mimi sikucheka. Nilitazama mahali alipokuwa ameketi Jaya. Hakuwapo. Binti wa mtu wa umeme hahitaji kuonyeshwa swichi kuu ya nyumba iko wapi. Kumbe robo saa yote ile nilikuwa nimehangaika na tembo bure.

"Karani!" Vijay akanguruma, akivuta pazia moja. "Karani yuko wapi? Msabaha, magoti chini!"

"Leo goti linauma, Vijaybhai."

"Goti linauma! Sikieni, karani ana ripoti ya daktari!" Akanishika ukosi, akanisukuma chini. Gazeti likanishukia sikioni, na safari hii halikuwa mchezo sana. "Sema! Sema si wewe!"

Sikusema. Basi akaanza kusema yeye sehemu zote mbili, yangu na yake. Rasik akasimama kukusanya vikombe, lakini hakuweza kutoka. Jaya alikuwa amesimama kwenye ule mlango wa jikoni. Mkononi alishika lota, kile chombo cha shaba cha maji ya ibada, kidogo kama embe lakini kizito kama jiwe.

"Fimbo aliishika nani, Vijaybhai?" akauliza. Kwa upole, kama anayeuliza bei.

"Nani mwingine, Jayaben? Mimi!" Vijay akainua mkono wa kulia kama bingwa wa ndondi. "Mkono huu huu!"

Lota ilimpata mdomoni.

Mlio wake ulikuwa wa nazi inayopasuliwa. Vijay akaketi chini bila kupenda, jino moja likaniangukia pajani. Jaya akapiga tena, begani, na tena, juu ya ule mkono aliojisifia. Hakupiga kelele hata moja. Kelele zilikuwa za wengine. Mtu akamkamata kiuno, mwingine akamshika mkono, na Vijay akainuka na damu mpaka kifuani, akamkamata nywele na kumgongesha kichwa ukutani. Mara ya kwanza picha ya babu ikaanguka. Mara ya pili nikamrukia.

Mimi si mpiganaji. Mimi nina meno. Nilimng'ata Vijay sikio, nikaning'inia hapo kama kupe mpaka akamwachia Jaya. Ngumi ya nani sijui ikanivunja pua, nikaanguka juu ya meza, meza ikaanguka juu ya TV, na TV ikashuka na shada lake la maua, kioo kikapasuka kwa kishindo kilichotufanya sote tujifunike vichwa. Jaya akainuka, uso nusu mwekundu, lota bado mkononi. Akamkanyaga Vijay kifundo cha mkono, akaiinua.

"Acha!" Rasik akapiga ukelele. Sikuwahi kusikia sauti ya mtu huyo ikipanda. "Umempiga asiyehusika!"

"Kasema mwenyewe!"

"Hakuwepo!"

"Nilikuwa na tetekuwanga!" Vijay akalia kutoka sakafuni, mapovu ya damu mdomoni. "Nilikuwa nimefungiwa ndani! Hadithi tu, Jayaben, ni hadithi tu!"

Miaka kumi na minne anajisifia kipigo ambacho alikikosa kwa sababu ya vipele. Siku nyingine ningecheka mpaka nizirai.

Jaya hakuondoa mguu. Alikuwa anamtazama Rasik.

Rasik akaweka vikombe chini, kimoja kimoja, kana kwamba vina watoto waliolala. Akavua miwani.

"Ni mimi," akasema. "Fimbo ilikuwa ya mwanangu aliyekuwa mwanafunzi. Wenzangu walimshika, mimi nikapiga. Alisema waya umeanguka. Alisema kweli, tuliukuta barabarani tulipokuwa tunarudi."

Jaya akamwondolea Vijay mguu.

"Vidole vinne," Jaya akasema.

"Vinne. Najua."

"Kwa nini kimoja kimoja? Ulikuwa na hasira, sawa, watu sitini wote walikuwa na hasira. Kwa nini kimoja kimoja?"

Rasik akaikunja miwani yake.

"Kwa sababu walikuwa wanashangilia," akasema.

Akasogea mpaka kwenye meza iliyopinduka, akaisimamisha, akaweka juu yake mkono wa kulia, kiganja chini. Mkono wa fundi saa, vidole vyembamba, kucha safi. Hakusema nisamehe. Hakufumba macho.

Ndugu msomaji, nilitaka nikuambie Jaya alilia na kuangusha lota. Nimeshaandika mara mbili hivyo, nikafuta. Jaya alipiga. Cha kwanza kikalia kama kijiti. Rasik akatoa sauti ndogo ya pumzi, lakini mkono akauacha pale. Cha pili. Hapo mmoja wa wale wanaume akatapika kwenye zulia. Jaya akainua mara ya tatu, na mkono ukabaki juu, mpaka matone ya mwisho ya maji ya ibada yakamdondokea yeye mwenyewe usoni.

"Hakuna anayeshangilia," akasema, kama mtu aliyegundua amepotea njia. Akaiweka lota mezani, pembeni ya ule mkono.

Majirani walikuwa wamekwisha piga simu polisi. Saa saba mchana tulikuwa wanne tumepangwa kwenye viti vya plastiki hospitalini. Vijay na barafu mdomoni, mimi na pamba puani, Jaya na nyuzi saba juu ya jicho, Rasik na mkono uliofungwa kama mkate. Viti vya plastiki havikuruhusu kukaa mbalimbali. Vijay akaninong'oneza kwa meno yaliyobaki kwamba sina kazi. Nikamwambia hata yeye hana TV.

Askari wa kike akaja na daftari. Akaanza na Rasik, kwa kuwa ndiye aliyeumia vibaya zaidi.

"Nani kakufanyia hivi?"

Jaya akafungua mdomo. Rasik akamwahi.

"Kabla ya hilo kuna jingine," akasema. "Nataka kuandikisha shambulio. Mwaka 1988, Gujarati. Aliyefanya ni mimi."

Askari akamtazama, akatutazama sisi, akauliza kama amegongwa kichwa pia. Akamweleza kwa subira kwamba hiyo ni nchi nyingine, ni zamani, haimhusu. Rasik akatikisa kichwa.

"Andika tu. Utupe baadaye ukitaka, lakini andika."

Yule mama akashusha pumzi. Nadhani zamu yake ilikuwa inakaribia kwisha. Akafungua ukurasa mpya.

"Jina la aliyeshambuliwa?"

Rasik akamgeukia Vijay, Vijay akatazama barafu yake. Akanigeukia mimi, mimi niliyempigia mtu huyo magoti Jumapili kumi na moja, nikamlilia, nikambwekea. Sikuwa na jina.

"Tulimwita karani," Rasik akasema polepole.

Askari akangoja, kalamu juu ya karatasi.

"Himatlal," Jaya akasema. Akavuta kiti chake karibu na daftari. "Himatlal Odhavji Rathod. Nitakutajia herufi. Anza na H."