Salamu ya Mkwe Hewani

Leseni ilifika juzi kutoka Dar, ina jina lake kamili, na mchana huu Nyanzala alikuwa anawasha redio kwa mara ya kwanza bila mwalimu kusimama mgongoni. Hiyo ni redio ya ridhaa, si ya nyimbo wala taarifa ya habari. Ni ya watu wa mbali wanaozungumza wao kwa wao kwa kupenda tu. Alijifunza kwenye darasa la jioni, mwanawe Agape akinyonya mapajani, mpaka Mwalimu Stanslaus akamwazima chombo chake cha zamani.

Raha yote iliingia mchanga asubuhi, baba mkwe alipoteremka kutoka Sibwesa. Mzee Kashinje hakuja kuona mjukuu tu. Huko shamba alisikia kwamba mke wa mwanawe Mabula, pale Makanyagio mjini, anaongea na wanaume asiowajua kwa kutumia waya uliotundikwa juu ya paa. Mabula mwenyewe alimwamkia baba yake, akapanda bajaji yake akaenda kazini. Kesi akamwachia mkewe.

Mzee alikaa nje kitini, mlango ameupa mgongo, maana kwa mila yao mkwe na mkamwana hawatazamani usoni wala hawaambiani neno moja kwa moja.

"Agape," alimwambia mjukuu, ambaye hata meno hayajatimia, "mwambie mama yako awashe huo mdudu nisikie. Nikisikia mambo ya ovyo, waya unashuka leo leo."

"Agape, mwambie babu nimesikia," Nyanzala akajibu toka ndani.

Agape alikuwa anatafuna ndala.

Nyanzala akabonyeza maikrofoni, akajitaja, akaita. Kimya, mvumo tu kama mafuta yanayokaanga. Akaita tena. Nje mzee akakohoa. Alipoita mara ya tatu, sauti ikatoka, nzito ya uzee:

"Nakupata vizuri, mama! Aloyce hapa, wa Maswa. Ng'ombe nimewaachia vijana, siku hizi nachunga redio. Mwadila, mayu!"

Mwadila! Salamu ya mchana ya Kisukuma, lugha ya kwao, na mayu ni mama. Kabla hajafikiri, magoti yalishagusa mkeka na macho yameinama, kama anavyosalimiwa mzee yeyote.

"Mwadila, baba," akasema.

Kivuli kikaanguka mkekani. Kashinje alikuwa ameinuka. Alikuwa amemwona mkamwana wake akilipigia goti sanduku.

"Agape! Huyo ni mtu wa Maswa? Mimi si nimezaliwa huko! Lete hicho nimsalimu." Na mkono ukaingia mlangoni.

Mwalimu aliwaonya: asiye na leseni hashiki maikrofoni, awe nani; ukimpa, umejiharibia. Lakini mkamwana kumnyima baba mkwe kitu, ilisikika wapi? Nyanzala akaibana maikrofoni kifuani.

"Agape," akasema, "mwambie babu serikali imemruhusu mama peke yake kushika hiki. Babu aseme neno lake, mama atalifikisha lilivyo."

Mkono ukabaki pale pale, umenyooka. Halafu ukarudi polepole, na mzee akaangua kicheko mpaka akashika fremu ya mlango.

"Kumbe na serikali ina miiko ya ukwe! Haya, Agape, mwambie mama yako amwambie Aloyce, Kashinje anamsalimu. Mvua imenyesha huko?"

Nyanzala akafikisha.

"Imenyesha, mayu! Mtama umesimama. Mwambie huyo Kashinje amepata mkamwana aliyelelewa."

"Hayo si mambo ya ovyo," mzee akasema, safari hii bila kumpitishia mjukuu. Akavuta kiti hadi kizingitini, mgongo bado kaugeuza, sikio ndani. "Muulize na malisho."

Nyanzala akauliza. Kisha akaisogeza redio karibu na kizingiti, na waya haukushuka.