Giza la Bonde la Kaskazini

Bonde la kaskazini lilifyekwa kwa siku kumi na tisa, na siku zote hizo mimi, niliyelilinda kwa miaka ishirini na miwili, niliamini miti inaongezeka.

Shule niliacha darasa la sita. Msitu nimeusoma kwa miguu. Kwetu walinzi, giza ni sifa. Msitu wenye giza ni msitu mzima: majani yamefumana, jua linadondoka matone matone, ukipiga chafya ndege wanakujibu. Hata picha za setilaiti tulizozoea zilisema hivyo hivyo. Palipo na kijani kizito, miti imeshonana; palipopauka, pamefyekwa.

Picha hizo alitusomea mpwa wangu, binti wa dada yangu, anayefanya kazi ofisini mjini. Mvua zilipokolea nilikwenda kumwona. Mapazia yalikuwa yamefungwa, feni inazunguka polepole, na kwenye kompyuta hapakuwa na msitu. Palikuwa na mawingu tu, kama mtu kamwaga pamba juu ya dunia.

"Wiki ya tatu hii, Mjomba," alisema. "Kamera haipenyi wingu. Sasa tunatumia rada."

"Rada inaona?"

"Haioni. Inaita, halafu inasikiliza mwangwi. Mvua au jua, kwake sawasawa."

"Kama popo."

"Kama popo. Ila huyu hachafui dari ya mtu."

Akanifungulia picha ya rada, ya kijivu, yenye chengachenga kama mchanga unaotembea. Niliitazama mpaka nikawa kama nimelala macho wazi. Nilijiona niko kule juu, nauita msitu, nao unaniitikia, mti mmoja mmoja, kwa sauti ya chini. Nilitoka pale bila kuuliza swali nililopaswa kuuliza.

Nikiwa kituoni, ujumbe wake ukaingia: "Mjomba, giza linazidi bonde la kaskazini."

Nikajibu: "Tunashukuru, mwanangu."

Wiki iliyofuata: "Giza limefika mtoni. Mmejipanga?"

"Tumejipanga."

Na kweli tulijipanga, upande wa kusini, ambako picha ya rada iling'aa nami nikaona ni upara. Tulitembea huko siku baada ya siku ndani ya ukungu. Miti ilitutokea ghafla kama wageni mlangoni, tukaigusa magome, ikapotea nyuma yetu. Sauti za nyayo zetu zilitutangulia. Hakuna uliokatwa.

"Wezi wa huku wana adabu," alisema mwenzangu, tunayemwita Kipara. "Wakikata mti, wanaurudisha."

Nilicheka. Nilikuwa na raha, nakiri.

Asubuhi moja wingu lilifunguka. Mpwa wangu akapiga simu, na hakuniamkia.

"Mjomba, bondeni mlikwenda lini?"

"Twende kufanya nini, na kuna giza?"

"Giza la rada ni ardhi tupu. Mwangwi unateleza, unakwenda zake. Miti ndiyo inayong'aa."

"Mbona hukuniambia?"

"Uliniambia mmejipanga."

Yeye alisema giza la mashine, mimi nikasikia giza la msituni, na wezi walikuwa kazini.

Tulifika bondeni saa sita mchana. Mwanga ulikuwa mwingi mno, nikapita kama mtu aliyeingia nyumba ya ndugu yake akakuta imehamwa. Nilijua kila mti ulikosimama, hivyo miguu yangu iliendelea kuikwepa miti ambayo haipo. Kipara alitoa chaki. Tukawa tunatia alama kila kisiki ili tusihesabu kimoja mara mbili. Kazi hiyo ilichukua siku tatu.

Mivule mia mbili na kumi na minne. Miti ya unene wa paja, elfu moja mia tatu na sita. Eka hamsini na tatu. Chemchemi zilikuwa mbili: moja imekuwa tope, nyingine imekauka.