Vidole vya Karani

Mashine ya alama za vidole ilikikataa kidole gumba changu kwa mara ya tatu, na afisa akaacha kunitazama usoni. Akaanza kunitazama mikono.

"Futa tena," akasema.

Nikafuta kidole kwenye sketi yangu, nikakibonyeza juu ya kile kioo cha kijani. Mashine ikatoa mlio wake mfupi wa kukataa. Binti yangu, aliyekuwa amekaa mapajani mwangu, akacheka. Ana miaka mitatu, na alidhani tunacheza.

"Mama, kinalia."

"Tulia, mamangu."

Ilikuwa mara ya tatu kuitwa katika chumba kile, na barua ilisema wazi kwamba hakuna ya nne. Mtihani wa lugha nilikuwa nimefaulu. Wa sheria na historia pia, tena kwa alama za juu kuliko mume wangu, dereva wa gari la mikate, aliyekula kiapo cha uraia mwaka uliotangulia na ambaye hadi leo anabahatisha idadi ya majimbo. Kilichobaki kilikuwa alama za vidole tu. Zisipopatikana, faili linafungwa. Faili likifungwa, kibali changu cha kuishi kinakwisha mwisho wa mwezi na hakiongezwi. Mume wangu raia, mtoto wangu raia. Mimi peke yangu ndiye wa kufungasha.

Afisa alikuwa mtu wa makamo, mwenye sauti ya chini, kalamu mbili zimesimama mfukoni. Alilivuta faili langu, akalifunua taratibu, ukurasa baada ya ukurasa.

"Hapa umeandika kazi yako ni karani."

"Ndiyo."

"Karani wa hospitali."

"Ndiyo, afisa."

"Mimi nimeishi na makarani miaka kumi na tisa. Wanapoteza kalamu, wanapoteza miwani, wengine wanapoteza hata adabu. Sijawahi kuona aliyepoteza alama za vidole."

Alisema hivyo bila tabasamu.

Mimi si karani. Mimi ni dobi. Nafua mashuka ya hospitali, mwaka wa sita sasa, kwenye chumba kisicho na dirisha nyuma ya jiko. Mwaka nilioijaza ile fomu nilikuwa nimeanza darasa la jioni, naandika maneno marefu nayaangalia kama mtu anayejipendezea viatu vipya. Halafu karani wetu wa stoo akaenda likizo, nikashikilia daftari lake wiki mbili, nikiandika mashuka yaliyotoka na yaliyorudi. Basi nilipofika kwenye nafasi iliyoandikwa KAZI, kalamu ilisimama kidogo, nikawaza huyo atakayeisoma, mtu wa tai na meza kubwa, akiona neno dobi. Nikaandika karani. Nikasaini chini ya mstari usemao kwamba yote haya ni kweli na kwamba anayedanganya ombi lake laweza kufutwa.

Mashine iliponikataa mara ya pili, waliniambia huenda wangempigia simu mwajiri wangu. Nilirudi kazini mbio, nikamshika mkono msimamizi wetu. Sisi tunamwita Mama Mvuke, kwa sababu akifungua mdomo hata mashine zinanyamaza.

"Wakikupigia, Mama, sema mimi ni karani."

"Karani wa nini? Wa mapovu?"

"Nimeshasaini. Nakuomba."

Alinitazama, akaguna, akajifuta jasho kwa mkono. "Uongo wa kuazima huo, nitaubeba. Lakini ukinitumbukiza kesini, mwanangu, nitakufulisha mashuka ya wodi ya upasuaji mpaka uzeeke."

Sasa afisa alikuwa ameweka viwiko mezani.

"Unajua ni watu gani wanaokuja hapa na vidole vitupu?"

"Sijui, afisa."

"Wanaovisugua makusudi. Kwa msasa, kwa tindikali. Mtu alifukuzwa nchini, amerudi kwa jina jingine, hataki mashine imtambue. Faili la mtu wa namna hiyo mimi silifungi tu. Nalipeleka ghorofa ya juu, na huko hawaulizi mara tatu." Akagonga neno karani kwa ncha ya kalamu. "Kwa hiyo nakuuliza mara ya mwisho. Vidole vyako vimekuwaje?"

Binti yangu alikuwa amepata kitufe cha blauzi yangu, anakizungusha. Nilihisi joto la kichwa chake kifuani. Nikiushikilia ukarani, mimi ni mhalifu aliyejichuna ngozi. Nikiuacha, mimi ni mtu aliyesaini uongo. Huku moto, huku maji ya moto. Nikamkumbatia mwanangu, labda kwa nguvu mno, maana alilalamika.

"Mimi ni dobi," nikasema.

Afisa hakusogea.

"Nafua mashuka ya hospitali. Sikuwa karani ila wiki mbili, mwenye kazi alipokuwa likizo. Niliona haya, afisa. Vidole vimeliwa na dawa ya kung'arishia. Glavu wanatupa jozi moja kwa mwezi, na hazimalizi wiki, zinatoboka kwenye ncha, dawa inaingia inakaa humo humo. Zikitoboka, bora uvue."

"Dobi."

"Ndiyo. Shuka lenye damu linaanza na maji baridi. Ukilianzisha kwa maji ya moto, damu umeipika, haitoki tena. Ile ya—"

"Inatosha." Aliinua kiganja. "Dobi akijiita karani, amenidanganya mara moja. Mtu mwingine kabisa akijiita dobi baada ya kubanwa, amenidanganya mara mbili. Nitajuaje wewe ni yupi?"

Akageuza faili, akaitafuta namba ya mwajiri, akavuta simu ya mezani. Nilipoona kidole chake kinabonyeza zile tarakimu, ndipo nilipokumbuka. Uongo wangu wa kuazima. Ulikuwa umekaa kwa Mama Mvuke, unasubiri tu simu ilie.

"Afisa, kabla hujapiga—"

"Usiseme kitu." Akabonyeza kitufe cha kipaza sauti. "Neno moja tu, na mazungumzo yetu yamekwisha."

Simu ikaita. Ikaita tena. Niliomba asiwepo, awe amekwenda chai, awe amelala. Akapokea, na nyuma yake mashine zikawa zinanguruma.

"Kufulia hapa. Sema haraka."

Afisa akajitambulisha, akataja jina langu. "Nataka kujua anafanya kazi gani kwenu."

Nikasikia mlango ukifungwa na mngurumo ukapungua. Sauti ya Mama Mvuke iliporudi ilikuwa laini, sauti ambayo sijawahi kuisikia tangu nimjue.

"Huyo? Huyo ni karani wetu. Hodari sana. Mwandiko wake kama wa kitabu."

Afisa alinitazama. Nami nilikuwa natazama meza.

"Karani kabisa?"

"Kabisa."

"Kwa siku anaandika nini?"

"Anaandika…" Mama Mvuke akakohoa. "Anaandika vinavyoandikwa, bwana. Wewe karani hujawahi kumwona?"

"Hafui?"

"Kufua! Mikono ile laini?"

Binti yangu akainua kichwa. "Bibi Mvuke," akasema, akaitafuta ile sauti chini ya meza. Nikamziba mdomo polepole. Afisa alikuwa ameshaifungua kalamu yake, ncha iko juu ya karatasi, na nikajua akianza kuandika hakuna atakachofuta. Alikuwa amenikataza neno moja. Nikahesabu: nikinyamaza nimekwisha, nikisema nimekwisha. Heri kwisha nikiwa nimesema.

"Mama, mwambie kweli," nikasema.

Kalamu ikasimama.

Mama Mvuke akadakia. "Wewe uko hapo?"

"Niko hapa. Nimeshamwambia. Mwambie na wewe."

"Nimwambie nini?"

"Ninachofanya."

Tukamsikia akivuta pumzi, na ile sauti ya asali ikaondoka, ikaja yenyewe. Afisa akarudisha kiti nyuma kidogo.

"Basi sikiliza, mwanangu, maana mimi sirudii. Huyo ni dobi. Tena dobi wa maji, siyo wa pasi. Mwaka wa sita. Nimesema uongo kwa sababu alinililia, na mimi ni mzazi, sina moyo wa jiwe. Kama ni kufungwa, nifunge mimi, ila uje na mtu wa kushika zamu. Unayo mikono yake hapo?"

"Ninayo."

"Angalia kucha. Zimekuwa nyeupe na laini kama maganda ya kitunguu. Angalia kati ya kidole cha kwanza na cha pili, pamechanika, ni glavu hizo mbovu wanazotununulia. Halafu niambie ni karani gani duniani ana mikono hiyo."

Afisa aliunyoosha mkono wake, kiganja juu. Nikaweka wangu. Aliugeuza, akainama, akaziangalia kucha, akapanua vidole viwili vya kwanza akauona mpasuko. Akauachia.

"Asante, mama."

"Na glavu waambie," alisema Mama Mvuke, na simu ikakatwa.

Afisa akavua miwani, akafikicha macho.

"Kuna fomu nyingine," akasema mwishoni. "Ya watu wa kazi za mikono. Wajenzi, wachimbaji, madobi. Hao tunachukua kiganja kizima na barua ya mwajiri, mambo yanakwisha siku hiyo hiyo. Ungeandika dobi, ungepewa mara ya kwanza tu ulipoingia hapa."

Nikaihesabu miezi saba ya kukosa usingizi.

"Lakini uongo uliosainiwa upo palepale. Huo mimi siwezi kukufulia." Alisukuma karatasi nyeupe mbele yangu, na kalamu yake moja. "Andika kwa mkono wako kwa nini ulijiita karani. Usipambe. Anayeamua ni mkubwa wangu. Ataamua kama hii ilikuwa hila au haya."

Nikamhamishia mtoto goti la kushoto. Niliyajua maneno makubwa, darasa la jioni lilinipa mengi, nikayaacha yote. Niliandika kwamba mimi ni dobi, kwamba niliogopa mtu atakayesoma, na kwamba sikumwogopa mtu huyo kwa ubaya wowote alionitendea. Nikasaini.

Afisa akasoma amesimama. Akaongeza mstari mmoja chini, sikuuona, akatoka na faili lote.

Dakika ishirini. Binti yangu aliomba kwenda haja ndogo, nikamwambia asubiri. Akaomba tena. Nilisikia viatu kwenye ngazi vikishuka, nikasimama naye mikononi.

Afisa aliingia, akafunga mlango, akaketi. Aliuzungusha ule mtambo wa kioo cha kijani, akabonyeza mahali, na kile kidirisha kidogo cha kidole kikapanuka kikawa kikubwa.

"Mweke mtoto chini," akasema. "Nipe kiganja. Cha kulia kwanza."