Kibao cha Tokuzo

Kisiwa chetu tulikitengeneza wenyewe. Mwanzo palikuwa na mwamba mtupu. Mgodi ukashuka chini ya bahari kutafuta makaa, na mawe yaliyotoka huko yakamwagwa pembeni, mwaka hadi mwaka, mpaka tukapata pa kujenga maghorofa na kupanda figili juu ya paa kwa udongo ulioletwa na meli. Mahali padogo vile hapana siri. Kutoka dirishani kwangu nilikiona chumba cha taa, na ndani yake nilimwona Kiyono.

Alikuwa mjane, kazi yake kugawa taa na kutunza ubao wa majina. Kila mchimbaji alikuwa na kibao chake msumarini: akishuka anakigeuza upande mwekundu, akipanda anakirudisha mweusi. Aliyekwenda bara aliondoka nacho. Vibao vilikuwa mia mbili, na Kiyono alipangusa kimoja tu. Cha Tokuzo, mume wangu.

"Mkeo wa pili kakupangusa leo?" nilimuuliza Tokuzo alipotoka kuoga.

"Vumbi la makaa tu hilo, Shizue."

"Vya wenzako mbona vimejaa vumbi hilo?"

Akacheka. Kicheko kile kilinichoma kuliko jibu.

Kesho yake alishuka zamu ya asubuhi. Nikaenda chumba cha taa, na Kiyono alipoinama kupanga taa, nikakichomoa kibao cha Tokuzo, nikakificha kwenye mkanda wa kimono. Tuone leo atapangusa nini! Raha niliyoisikia siwezi kuikana.

Adhuhuri king'ora kikalia. Moto ulikuwa umezuka chini. Wanaume walipanda wakikohoa, kila mmoja akageuza kibao chake, nasi wanawake tukajazana mlangoni pa chumba cha taa. Msimamizi Hamasaki akautazama ubao.

"Hakuna chekundu hata kimoja. Zibeni shimo, fungulieni maji ya bahari!"

Mkono wangu ulikuwa tayari kwenye mkanda, lakini sikukitoa kibao. Niliona aibu. Mume wangu yuko motoni, nami naona aibu!

"Ngojeni!" Alikuwa Kiyono. "Tokuzo yuko chini."

"Msumari wake mtupu, dada. Kaenda bara huyo."

"Hakwenda. Nilimwona akishuka, na hajapanda. Namwangalia kila siku."

Alilisema hilo mbele ya kisiwa kizima. Wanawake wote wakanigeukia mimi.

Nikakitoa kibao, chekundu, nikamkabidhi Hamasaki. Akafuta amri yake. Watu wanne wakashuka, na baada ya muda niliouona kama mwaka, wakampandisha Tokuzo, nyusi zimeungua, akiomba maji ya kunywa.

Nilimwinamia Kiyono mpaka nywele zikagusa magoti. Shukrani yangu ilikuwa ya kweli, naapa. Yeye alichukua kibao kwa Hamasaki, akakitundika, akakigeuza mweusi, akatoa kitambaa chake.

Nikiwa bado nimeinama, nikamtazama kwa pembeni, nikahesabu. Alikipangusa mara tatu.