Fomalini Jikoni kwa Wakesho

Mgeni alibisha hodi Jumanne asubuhi, amevaa koti jeupe la daktari juu ya suruali ya jinzi, mkononi ana kidude chenye taa nyekundu. Alijitambulisha kuwa ni Thadeus, mpima hewa. Alikuwa akipita tu, alisema, pua yake ikamwambia nyumba hii ina shida.

Wakesho hakumfukuza, kwa sababu shida kweli ilikuwapo. Mume wake, Festus, mwalimu wa jiografia ambaye hakuwahi kufundishwa useremala, alikuwa ametengeneza makabati ya jikoni kwa mikono yake, jioni baada ya jioni, miezi mitatu mizima. Wageni walionyeshwa makabati kwanza, maji ya kunywa baadaye. Lakini kila aliyeingia jikoni alitoka akipangusa macho, hata siku ambayo hakuna kitunguu kilichokatwa. Na baada ya wiki tatu, siku ya Jumamosi, Mama Peris, mama yake Wakesho, angeshuka kutoka Mgange kuja kuishi nao Voi, yeye na kifua chake kinachobana hata kwa vumbi la unga. Wakesho alikuwa amesoma kwamba mbao zilizoshindiliwa kwa gundi zinaweza kutoa hewa ya formaldehaidi. Alitaka kujua kabla mama hajafika.

Thadeus alisogeza kidude karibu na makabati. Kikapiga kelele kama kuku aliyeshikwa mguu.

“Formaldehaidi,” akatangaza kwa sauti ya mnadani. “Ndiyo hiyo hiyo fomalini.”

Dirisha lilikuwa wazi, na upande wa pili jirani yao Saadiya alikuwa akianika nguo. Saadiya aliijua fomalini kwa kazi moja tu, ile ya mochari, kuhifadhi maiti. Hazikupita dakika ishirini wakatokea wanawake watatu mlangoni, leso zimefungwa viunoni, Saadiya mbele na kilo mbili za sukari.

“Pole, mwenzangu,” akasema, akimkumbatia Wakesho. “Sasa marehemu mmemlaza wapi?”

Kabla Wakesho hajajibu, kidude kililia tena, kwa nguvu kuliko mwanzo. Saadiya aliruka nyuma, kikanyamaza. Akasogea, kikalia. Akaenda na kurudi mara mbili zaidi, kuhakikisha. Alikuwa ametoka kufukiza nguo zake udi.

“Basi maiti ni mimi,” akasema. “Nipelekeni mochari nikapumzike.”

Wanawake walicheka hadi wakashikana. Thadeus alikuwa ameshatoa chupa ya dawa ya kupuliza, iuzwayo kwa bei ya leo tu. Wakesho akamuuliza alisomea wapi kazi hiyo, naye akamwonyesha koti. Akamuuliza maabara gani inathibitisha vipimo vyake, naye akamwonyesha kidude. Alipomuuliza kidude kinajuaje kutofautisha formaldehaidi na udi, Thadeus akakumbuka kwamba anasubiriwa na mteja huko Mraru.

Alasiri hiyo Wakesho alipiga simu za kutafuta mtu wa kweli. Wa kwanza alitaja bei kabla ya kuuliza nyumba iko wapi. Wa pili aliahidi kuponya hewa yote kufikia Ijumaa, bila kuipima. Wa tatu, Nasima wa Mombasa, aliuliza makabati yana umri gani, kingo za mbao zimezibwa au ziko wazi, na nani atalala nyumbani humo. Alimtumia jina la maabara ambako sampuli zingepelekwa, pamoja na namba ya ithibati yake, akamwambia asiamini tu, aihakiki. Wakesho akaihakiki.

“Kwa hiyo tatizo ni makabati?” akauliza.

“Sijui, dada. Sijapima. Na hata nikipima, dawa siuzi.”

Lile “sijui” lilimtuliza Wakesho kuliko koti lolote jeupe.

Festus alikuwa amesikia yote, amenuna kama aliyenyimwa chai. Mwishowe akasema, “Aje. Wakisema ni makabati yangu, nitayang'oa mwenyewe kabla mama hajashuka.”

Nasima alikuja, akatundika vijichupa viwili vya kunasa hewa, kimoja jikoni, kingine chumbani kwa mama. Madirisha yalifungwa siku nzima, na joto la Voi mnalijua. Saadiya alisimamia mlango ili mtu yeyote mwenye manukato asipite, yeye mwenyewe akiwa wa kwanza kujizuia.

Majibu yalifika Alhamisi, siku mbili kabla ya mama. Chumba kilikuwa salama. Jikoni kiwango kilizidi kikomo cha usalama, na Nasima akaeleza kwamba kuziba kingo kungepunguza hewa hiyo, ila kwa kifua cha mzee ni heri kuondoa chanzo.

Wakesho alimtazama mume wake, moyo ukamlainika. Akapendekeza wazibe tu kwanza, waone.

“Nilisema nini?” Festus akauliza, akachukua bisibisi.

Alianza na mlango wa kona, ule uliomchukua wiki mbili kuunyoosha. Kufikia Ijumaa jioni makabati yote yalikuwa uani, sufuria zimepangwa juu ya mkeka. Saadiya akaingia na zile kilo mbili za sukari alizokuwa amerudi nazo siku ile, akaziweka mapajani mwa Festus.

“Pole kwa msiba,” akasema, akaketi naye.

Festus akacheka kidogo, akafungua skrubu ya mwisho iliyobaki ukutani.