Rejeta Ndogo ya Elodia

...na usitoe mguu kwenye breki, Mama, mpaka nikuambie mimi, ndivyo alivyosema kabla hajaingia chini, kana kwamba mimi ni mtu wa kutoa mguu, mimi niliyezeekea kwenye kiti hiki, miaka yote ya Doyle nikikanyaga na kuachia, kanyaga Oleta, achia Oleta, yeye huko chini akitoa hewa kwenye breki na mimi huku juu nachambua maharage mapajani, marehemu mume wangu hakujua kwamba mke naye ana kazi zake, Mungu amrehemu, na sasa Doyle hayupo na gari lipo, lile lile la rangi ya kahawia, refu mpaka aibu, limepandishwa mbele kwenye ngazi zake za chuma, boneti wazi, injini inanguruma taratibu, gia iko fri, kwa sababu gari hili ukiliweka kwenye gia ya kuegesha oili ya giaboksi haizunguki kwenda kwenye rejeta, ni mpaka uliweke fri, na handbreki ilikufa kabla ya Doyle mwenyewe na hakuna aliyeizika, kwa hiyo ni mguu wangu, mguu wangu na vipande viwili vya gogo nyuma ya magurudumu, na Elodia amelala huko chini na tochi yake, naviona viatu tu vikichungulia pembeni ya mlango, viatu vya Doyle, anavivaa na soksi mbili ili vimkae. "Bado kavu, Mama," anasema, "ngoja ipate moto," nami nasema nangoja, na ni kweli nangoja, ingawa yeye anangoja oili ipate moto na mimi nangoja kitu kingine ambacho sitaki hata kukitaja humu ndani ya kichwa changu...

Ni asubuhi bado lakini Needles, mji wetu huu wa jangwani, haijui asubuhi mwezi wa sita, jua likishatokeza tu chuma kinachoma, spana zote amezilaza kwenye ndoo ya maji kivulini ili aweze kuzishika, hilo alifundishwa na Doyle, na kuamka kabla ya ndege ili kazi iishe kabla ya joto, hilo hakufundishwa na mtu, amezaliwa nalo, Randall wangu hakuwa nalo, Randall aliamka saa ya chakula cha mchana na kuuliza kahawa iko wapi, mwanangu huyo, nilimzaa mwenyewe na bado sijui alitoka kwa nani, alikwenda Alaska kwenye kazi za mabomba ya mafuta kwa msimu mmoja, akapata mwanamke wa huko, akatuma kadi yenye picha ya dubu, na mimi nikakaa mezani na ile kadi nikingoja mkwe wangu afungashe virago arudi kwao Calexico kwa mama yake, ndivyo kila mtu alivyotegemea, na Elodia akaitazama kadi, akamtazama dubu, akasema, "Afadhali huyu ana manyoya ya kumkinga na baridi," kisha akaingia jikoni akauliza nani amemaliza unga, akakaa, akakaa mpaka Doyle akaugua na mpaka Doyle akafa, akamgeuza kitandani, akamnyoa ndevu, akashona viti vya magari ya watu uani kwetu mchana, na usiku akamsomea habari za mpira wa besiboli, mimi sikuweza kumsomea, sauti ilikuwa ikinikatika, yeye haikumkatika. Nani amepewa mtoto kama huyu, na mimi nimepewa bila hata kumzaa, na kesho alfajiri anaondoka.

Trela liko pale getini, limefunikwa turubai, cherehani zake tatu nzito za kushonea ngozi zimo ndani, meza ya kukatia imo, anakwenda kufungua duka Flagstaff, yeye na binamu yake Nieves, mji wa misonobari na theluji, na kutoka hapa tulipo, hapa shimoni kando ya mto, mpaka kule, barabara inapanda, inapanda, inapumzika kidogo Kingman halafu inapanda tena, na gari la umri huu likivuta mzigo ule kwenye jua lile, oili ya giaboksi inaanza nyekundu kama maji ya komamanga na inaishia nyeusi yenye harufu ya mkate ulioungua, na hapo ndipo giaboksi inapokata roho, kwa hiyo akaenda kwenye uwanja wa magari mabovu akatafuta mpaka akapata rejeta ndogo ya kupoza hiyo oili, iliyotoka kwenye lori la posta, nyembamba, akaiosha ndani kwa petroli, akaipuliza, akaiosha tena, akaitia mdomoni akapuliza kama tarumbeta, nikamwambia mwanangu utakufa, akasema, "Mama, kitu kinachokwenda kubeba damu ya gari la Baba lazima kiwe kisafi," hivyo hivyo, damu ya gari la Baba, na mimi nikaenda ndani nikajifanya natafuta kitambaa.

"Binti," huyu ni Burl sasa, jirani yetu, yuko kwenye uzio wake tangu kulipopambazuka na kikombe cha kahawa ambacho nadhani kimekuwa kitupu muda mrefu, "binti, kazi yote hiyo ya nini, vile vyuma vya kitanda umevikata vya nini?" maana amekata fremu ya kitanda cha zamani cha Randall akatengeneza mikono minne ya kuishika ile rejeta ndogo mbele ya ile kubwa, na kila mkono ameuwekea kipande cha mpira ili mtikisiko usiivunje, kitanda cha Randall, hatimaye kimefanya kazi, "mimi ningechukua zile pini za plastiki nikazichoma katikati ya mapezi ya rejeta kubwa nikaifungia hiyo ndogo, dakika tano umemaliza, unakwenda kunywa bia, watu wote wanafanya hivyo." Na sauti ya Elodia kutoka chini, tulivu kabisa, "Mzee Burl, wewe si ulifanya hivyo?" "Nilifanya." "Likafika wapi?" Burl anatazama ndani ya kikombe chake. "Ash Fork, hata Flagstaff halikuiona." "Na kurudi, lilirudi vipi?" "Lilirudi limekaa juu ya gari la kuvuta," anasema Burl, "kama malkia," naye anacheka mwenyewe kabla hatujamcheka, pini zilikuwa zimesugua rejeta mpaka zikaitoboa, mji mzima unajua, na nikicheka tumbo linatikisika lakini mguu hautikisiki, nimeukaza, goti linaniuma, acha liume... Kila mwanamume wa barabara hii amewahi kurudishwa kutoka mlima ule, ni kama ubatizo, na hakuna hata mmoja aliyekata kitanda.

Na ile soksi ya ngozi. Hiyo ndiyo iliyonimaliza. Mahali ambapo mpira wa kupitisha oili unapita kwenye tundu la bati, pale ambapo ukingo wa bati ungeukata taratibu, mtu mwingine angezungushia mkanda wa gundi, yeye amekata ngozi ya kiti, akaushonea ule mpira soksi, mshono mara mbili, ncha za uzi amezirudisha ndani, chini huko ambako hakuna atakayeona isipokuwa yeye na vumbi, na alipokuwa akiishona jana mezani kwangu uso wake ulikuwa uso ule ule wa kumnyoa Doyle, nikamuuliza, "Kwa nini unarudisha ncha ndani, nani ataona?" akasema, "Mimi nitajua, Mama," na mtu akikujibu hivyo unampa chakula.

Sasa ndiyo hapo. Ndiyo hapo ninapokwepa. Asubuhi hii aliponipa tochi nimulike wakati anaingiza mpira kwenye paipu ya chuma, nilimulika, na nikaona. Paipu ameikata vizuri, ameisugua, imenyooka, laini kabisa mwishoni, laini kama kidole, na haina mdomo. Doyle hakuwahi kuvisha mpira kwenye paipu laini, alikuwa na kile kifaa chake kidogo cha kutanua, anakibana, anazungusha, mwisho wa paipu unatoka nje kidogo kama mtu aliyenuna, na mpira ukishauvuka ule mnuno na kibano kikakaza nyuma yake hautoki tena mpaka Kiyama, lakini hilo alikuwa akilifanya mwisho, wakati Elodia ameshaingia ndani kunawa, hakumwonyesha, wala hakumficha, alidhani tu ana miaka mingine ya kumwonyesha, na kifaa kipo gerejini kwenye msumari, kinafanana na kitu chochote, huwezi kujua ni cha nini kama hukuwahi kukiona kikifanya kazi. Mimi nimekiona. Na nilimulika tochi, nikaona paipu laini, na nikanyamaza.

Maana mpira utashika, kibano kitashika, hapa uani utashika siku nzima, lakini oili ikichemka na mpira ukalainika na mlima ukaanza, utateleza, polepole, baada ya Kingman hivi, na yeye ni mwangalifu, ataona moshi, atasimama, hatadhurika, nimejiambia mara ngapi, hatadhurika, atapiga simu, na mimi nitakwenda na Burl na lori lake, nitamkuta amekaa kivulini mwa trela, nitasema pole mwanangu, labda haikupangwa, turudi nyumbani, na nyumba itakuwa na jozi mbili za viatu mlangoni tena na si jozi moja, ndiyo, nimeshaona mpaka viatu... na ikiwa hatauona moshi, ikiwa oili itaangukia bomba la eksozi lililo moto, usifikiri hivyo Oleta, lakini nafikiri, nimekuwa mke wa fundi maisha yangu yote, najua oili inafanya nini ikiangukia chuma chenye moto. "Bado kavu," anasema kutoka chini, na kuna furaha ndani ya sauti yake, furaha ya mtoto aliyejenga kitu kikasimama, na mimi sijawahi kumwonea mtu fahari kama ninavyomwonea yeye sasa, na nimemkalia hivi, nimemkalia kimya kama kuku juu ya yai bovu.

Nafungua mdomo. "Elodia, huo mpira," nasema, na treni la mizigo linaingia mjini, mabehewa na mabehewa, dunia nzima inatetemeka, vijiko jikoni najua vinatetemeka, na maneno yangu yanakwenda na treni kuelekea Barstow. Linapita. Linaendelea kupita. Halafu, "Unasemaje, Mama?" Na mimi, na nitakumbuka kwamba nilifanya hivi, nasema, "Hakuna kitu." Na injini inanguruma. Na natazama viatu vya Doyle, na kimoja kinacheza, anapiga pigo fulani kwa kidole cha mguu, anaimba kimoyomoyo kule chini, chini ya chuma chote hiki, sahani ya chini ya injini iko shubiri moja juu ya kifua chake, gari liko kwenye mteremko wa ngazi, gia iko fri, vigogo viwili vimeoza tangu mwaka juzi na yeye anajua vimeoza, yeye ndiye aliyeviweka, na hakumwita Burl aje ashike breki, Burl ana mguu wenye nguvu kuliko wangu, yuko pale pale anaegemea uzio bila kazi. Hakumwita. Aliniita mimi, akalala, na sasa anaimba.

"Elodia," nasema, kwa sauti, ili hata Burl asikie, "mpira wa chini, mahali unapoingia kwenye paipu, paipu haina mdomo, itateleza ikipata moto. Kuna kifaa cha Doyle kwenye msumari karibu na dirisha, kile chenye mashimo, kinatanua paipu, nitakuonyesha."

Kiatu kinaacha kucheza. Burl anachungulia ndani ya kikombe chake kama vile kuna mtu humo.

"Umeona saa ngapi?" anauliza Elodia.

"Uliponipa tochi."

Najua anahesabu, anapanga, ana akili ya kupanga kitambaa kabla ya kukikata, muda niliokaa na tochi, muda niliokaa hapa, barabara, Kingman, mlima, mimi na Burl kwenye lori, anaunganisha kipande kwa kipande na mshono unakaa sawa, uso unaniwaka moto na si kwa jua.

"Ungenifuata kule mlimani na sufuria ya maharage," anasema hatimaye.

"Na mkate wa mahindi," nasema, na sauti inanikatika, ile ile isiyoweza kusoma habari za mpira.

"Wa pilipili?"

"Wa pilipili."

Anacheka, mwanangu huyu, chini ya gari anacheka polepole, halafu nasikia akivuta pumzi puani kama mtu mwenye mafua, na hakuna mafua mwezi wa sita Needles. "Basi Jumapili ya kwanza unakuja wewe na huo mkate," anasema, "kuna basi, Nieves atakupokea, na utanionyesha hicho kifaa sasa hivi tukizima. Lakini usitoe mguu, Mama, ngoja ipate moto kwanza, nataka nione upande wa juu." Nami nasema sitoi. Burl anasema kahawa yake imepoa, hakuna anayemjibu, sindano ya kipima joto mbele yangu iko pale pale, chini kidogo ya katikati, goti linaniuma na nimelikaza, nangoja oili ipate moto.