Mkaa wa Kima Punju

"Kwa nini wanakula mkaa?" aliniuliza Sumaiya, penseli mdomoni.

Aliuliza kwa Kiingereza, kama kawaida yake. Alikuwa na miaka tisa, na mwalimu wake alitaka picha ya mnyama wa kisiwani pamoja na maelezo ya chakula chake. Nilifurahi kupita kiasi. Kwa mara ya kwanza binti yangu alihitaji kitu nilichokuwa nacho mimi.

Nikasukuma vitambaa kando ya cherehani, nikamweleza. Kima punju wa kwetu Unguja aliishi kwa majani ya msituni. Watu walipoukata msitu na kupanda miti yao, akaanza kula majani ya miti ya mikungu, na majani yale yakamuumiza tumbo. Basi akajifunza kuja kwenye tanuri la marehemu baba yangu kuiba mkaa. Akiutafuna, tumbo linatulia. Mtoto wa kima alijifunza kwa mama yake, akipokonya kipande mdomoni mwake.

"Na wewe ulifanya nini?"

"Niliwapiga mawe," nikasema. "Nilidhani ni wezi tu."

Alinitazama kwa jicho baya, na nilistahili.

Ilikuwa Jumapili yetu ya mwisho. Mama yake, ambaye tuliachana Sumaiya akiwa bado ananyonya, alikuwa amepata kazi Cape Town. Kwa miaka sita alikuwa akimleta mtoto hapa mtaani kwangu Malvern kutoka Soweto kila Jumapili saa nne, na kumchukua saa kumi. Siku zilizobaki nilishona suruali za watu, nikala pap, ugali wa huku, peke yangu, nikajiambia nimezoea. Uongo mtupu. Mtu anaweza kukaa hapa Jules Street miaka kumi na moja, akajua kila duka, na jioni asiwe na wa kumwambia kwamba mvua imenyesha.

Sumaiya alimpaka kima wa kwenye picha weusi mikononi kwa kipande cha mkaa halisi, kutoka mfuko nilionunua spaza, kiduka cha mtaani. Halafu akakiweka mezani, akajaribu Kiswahili chake cha Jumapili.

"Baba, wewe tumbo inauma hapa?"

"Mimi?" Nikacheka. "Mimi niko sharp, sina neno, mwanangu."

Honi ya gari la mama yake ikalia. Akakunja picha, akanikumbatia, akashuka ngazi. Nilibaki nimesimama na sindano mkononi. Kisha nikatoka mbio, maana jibu nilikuwa nalo: linauma, na wewe ndiye unayelituliza. Gari lilikuwa limeshafika kona. Robot ya pale, taa ya kuongozea magari, hufa kila wiki. Siku ile ilikuwa nzima, na ilikuwa ya kijani.

Huu ni mwaka wa tatu tangu waondoke. Kwenye simu tunaongea habari za shule na za baridi. Kile kipande cha mkaa bado kiko mezani, na wateja wakiniuliza, nawaambia ni cha kuchorea vitambaa.